Nyaya Nyekundu za Pikapu ya Mikate

Kama una kazi mkononi, endelea nayo. Mimi nataka masikio yako tu. Leo, wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mmekula jasho lake bila kumjua. Kama umewahi kukaa upande ule wa kilimani, ukanunua mkate wa asubuhi ungali na joto, basi mkate huo uliletwa na pikapu moja ya zamani, ya kijani, yenye taa za mbele za mviringo kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Na pikapu hiyo iliwaka, ikapiga honi na kufuta mvua kwenye kioo, kwa miaka thelathini na mmoja, kwa sababu ya mtu mmoja.

Walimwita Mwekundu. Msimtafute kwa rangi, maana alikuwa mweusi tititi, na mkewe anasema hata shati jekundu hakuwa nalo. Jina lilitokana na nyaya, na hizo nyaya ndizo habari yetu. Alikuwa fundi umeme wa magari. Amefariki akiwa na miaka hamsini na tisa, mbali na karakana yake, siku kumi na tisa tu baada ya kuiacha. Siku kumi na tisa. Nitairudia hesabu hiyo, mnivumilie.

Tuanze alipokuwa kijana wa kujifunza kazi. Alifundishwa na fundi mmoja msafi kupita kiasi. Fundi yule kila waya aliuwekea rangi yake, na kila waya aliufunga kipande cha kitambaa kilichoandikwa jina. Hiki cha honi. Hiki cha breki. Hiki cha taa ya nyuma kushoto. Ukifungua boneti ya gari alilolishika, unasoma kama unasoma barua. Kisha fundi yule akaugua mwezi mzima. Mwenye karakana akagundua kwamba, kwa vile kila kitu kimeandikwa, hata wanafunzi wanaweza kuendelea na kazi. Wakaendelea. Mzee aliporudi amepona, akaambiwa kwa upole kabisa kwamba hapana nafasi.

Mwekundu alimwona mwalimu wake akitoka getini na sanduku lake la vifaa begani. Alimwambia mkewe habari hiyo zaidi ya mara mia, na kila mara alimalizia hivi: "Hakugeuka nyuma. Nami nikala kiapo. Mimi hawatanitoa."

Alipofika miaka ishirini na nane akaitwa kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Panya alikuwa ametafuna waya chini ya dashibodi ya pikapu, shoti ikapiga, moshi ukatoka hadi kwenye kiti. Dereva aliruka nje akaiacha mikate iokolewe na Mungu. Dereva huyo yuko hai, na ni shahidi wangu mkubwa leo. Ni kaka wa mke wa Mwekundu, yaani shemeji mtu, na utani wao haukuwa na breki. Anasema, "Sikuruka kwa woga. Niliruka kwenda kutafuta fundi." Haya, tumekusikia.

Nyaya zote zilikuwa zimeungua. Kazi ilikuwa ni kuvua mfumo mzima wa umeme na kuuvisha upya, kuanzia kwenye betri hadi taa za nyuma. Mwekundu akaenda kwa muuza vipuri. Rangi zote zilikuwepo: bluu, njano, kijani, nyeusi, kahawia. Akachukua mizunguko mitatu mikubwa, yote myekundu.

Muuza vipuri akamuuliza, "Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaifunga pikapu nzima kwa waya mwekundu. Nyaya thelathini na nane, zote nyekundu, hakuna hata kipande cha kitambaa. Tena akazizungusha makusudi. Waya wa taa ya kushoto ukapitia kulia. Sanduku la fyuzi akalificha nyuma ya kiti. Halafu akakusanya zote akazizungushia tepu nyeusi, zikawa fungu moja nene kama mkono wa mtoto. Ramani ya fungu lile ilikuwa mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo ni kichwani mwake.

Pikapu ikawaka vizuri sana. Mwenye kiwanda, anayejulikana kwa wote kama Mama Mikate, akampa kazi ya kudumu siku ile ile. Na Mwekundu akatembea kwenda nyumbani kifua mbele. Alikuwa amejifungia mlango kwa ndani, ila siku ile hakujua.

Miaka minne baadaye mama yake akafariki. Akasafiri kwenda kuzika. Msiba haukuwa umekaa siku mbili, simu ikapigwa duka la jirani. Mvua zimeanza. Waipa za pikapu hazifanyi kazi. Dereva haoni mbele, na mikate imelowa safari mbili. "Mwiteni Mwekundu." Kwa nini asiitwe mtu mwingine? Aliitwa. Akafungua dashibodi, akachana tepu ya lile fungu, akaona nyekundu tupu, akaifunga tena taratibu, akaomba maji ya kunawa.

Mwekundu akaondoka msibani. Dada zake hawakumsemesha muda mrefu. Aliporudi alishika waya mmoja kati ya thelathini na nane, akaukaza kwa plaisi, waipa zikaanza kufuta. Kazi ya dakika tano. Mkewe anakumbuka kwamba aliporudi ndani alikaa kitandani na viatu vyake, ameshika tama. Alipoulizwa ana nini, akajibu, "Ningewaambia kwa simu ni waya upi. Lakini ningewaambia vipi? Zote nyekundu."

Mwaka mwingine akafanyiwa upasuaji wa ngiri. Siku tatu hospitalini. Huku nyuma taa za pikapu zikazima. Akaletwa fundi mwenye cheti, akachimba siku mbili nzima, akafaulu kuziwasha. Ila kuanzia hapo dereva akikanyaga breki, honi inalia. Hebu fikiria kushuka kile kilima na mikate mia nne. Watu walitoka nje wakidhani ni harusi. Mwekundu akaja kurekebisha, bendeji bado tumboni, anajikongoja, huku shemeji yake anamwambia, "Iache bwana, biashara imeongezeka!"

Walicheka. Lakini mkewe hakucheka. Alimuuliza swali ambalo Mwekundu hakulijibu kwa zaidi ya miaka ishirini: "Wewe na lile gari, nani kamfunga mwenzake?"

Msije mkamlaumu Mama Mikate. Nilimpigia, na alinijibu kwa uchungu. "Kila mwaka nilimwambia aende likizo. Kila mwaka! Aliniambia, 'Mama, nikiondoka litazimika.' Na kweli, akiondoka linazimika. Ningefanya nini?" Alinunua gari jingine la mjini, lakini kwa barabara ya kilimani ile pikapu haikuwa na mbadala. Kwa hiyo hakufungiwa na mtu. Hakuna aliyemnyima ruhusa. Kila asubuhi alikuwa akisimama kwenye mlango wa karakana, kitambaa begani, masikio yamesimama, akisikiliza kama stata itashika. Ikishika, alipumua. Kisha anakaa kusubiri irudi. Hiyo ndiyo iliyokuwa siku yake, na kesho yake ilikuwa hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni habari ya mjukuu.

Binti yao aliolewa mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Alipojifungua, mkewe Mwekundu akaenda kumsaidia kwa miezi miwili. Mwekundu akasema atafuata wiki ijayo. Wiki ijayo altaneta ikasumbua. Iliyofuata, indiketa. Miezi miwili ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka miwili na nusu, maana binti alirudi kazini na mtoto alihitaji bibi. Mwekundu akabaki peke yake na sufuria moja na kitanda cha watu wawili. Kila jioni alipiga simu. Mtoto akaanza kuongea, na akaijua sauti ya babu yake kwenye simu. Babu hajamwona hata siku moja. Mtoto naye akili yake ikafanya hesabu yake: babu anakaa ndani ya simu.

Jioni moja mkewe alikuwa jikoni, akasikia kitu kinagongwa. Akaenda. Akamkuta mtoto amekaa sakafuni, anaigonga simu kwenye zulia, kisha anaisogeza mdomoni na kuita, "Babu, toka! Babu, toka!"

Na upande wa pili Mwekundu alikuwa anasikia yote.

Mkewe anasema aliichukua simu, akasikia mumewe analia. Hakuwahi kumsikia akilia, hata msiba wa mama yake. Akamwambia, "Mke wangu, mtoto ananiambia nitoke. Na mimi mlango siujui uko wapi."

"Unaujua," mkewe akamjibu. "Wewe ndiye uliyeufunga."

Kesho yake, wasikilizaji wapendwa, Mwekundu alikwenda kwa muuza vipuri. Akanunua rangi zote. Bluu, njano, kijani, nyeusi, kahawia, nyeupe. Nyekundu akachukua kidogo, ya betri peke yake. Muuza vipuri, ambaye naye ameota mvi, hakuuliza kitu safari hii.

Lakini pikapu haikuwa na siku ya kupumzika. Inatoka kabla ya jua, inarudi saa tano, na kesho watu wanataka mkate. Hangeweza kuivua yote. Akaamua kwenda sehemu moja kila alasiri: leo honi, kesho breki, keshokutwa taa ndogo. Anatoa waya mwekundu, anapitisha wa rangi mahali pake panapostahili, anapima kwa taa ya kupimia, anafunga. Wiki saba. Sanduku la fyuzi akalitoa nyuma ya kiti, akaliweka chini ya dashibodi, mahali hata mgeni analiona.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Mikono yake ilizoea kwenda yenyewe gizani mwa lile fungu. Sasa kila baada ya dakika ilibidi asimame aangalie rangi, avae miwani, avue miwani. Siku mbili za kwanza alijikanganya kwa kazi yake mwenyewe. Akatupa plaisi chini, akasema, "Nilikuwa mjinga kiasi gani!" Shemeji yake akamjibu, "Sana," akamwokotea.

Kisha vibandiko. Alivikata kwenye vifuniko vya plastiki vya makopo ya hamira. Si bati, kwani bati lingemletea shoti. Akaandika kwa wino usiofutika, kwa herufi kubwa, akatoboa tundu, akafunga kila kimoja kwenye waya wake. Thelathini na nane. Kama mwalimu wake wa zamani, yule aliyetoka getini bila kugeuka.

Akataka kumfundisha shemeji yake. Shemeji akagoma. "Kazi yangu usukani," alisema. Mwekundu akamshika mkono, akamwinamisha chini ya dashibodi.

"Soma hiki."

"Nimesoma."

"Kinasema nini?"

"Kinasema unataka kutukimbia."

Dereva aliniambia hayo akiwa anafuta uso kwa kiganja. Hakusoma hata kimoja. Alikuwa na hasira, anakiri mwenyewe. Alikuwa anajua kwamba kibandiko cha mwisho kikifungwa, rafiki yake anapanda basi.

Na Mwekundu? Mnadhani alikuwa na furaha? Alimwambia mkewe kwenye simu ana hofu mbili. Ya kwanza, aondoke gari liharibike. Ya pili, aondoke gari lisiharibike. Mkewe akamuuliza ipi kubwa. Akasema, "Ya pili."

Waya wa mwisho kubadilishwa ulikuwa wa waipa. Aliuacha makusudi, akauogopa, akauzunguka wiki zote saba. Ndio uliomtoa kwenye kaburi la mama yake. Alipomaliza, alikitazama kile kibandiko muda mrefu kabla ya kukiandika. Kisha akaandika, akafunga, akanawa mikono. Nyaya nyekundu zilijaa gunia la unga. Mama Mikate alimpa mkono, akamsindikiza hadi getini. Sanduku la vifaa alikuwa nalo begani. Watu wa kwenye tanuri wanasema aligeuka nyuma mara tatu.

Akafika kwa binti yake jioni. Mtoto akamtazama huyu mtu mkubwa, akaitazama simu mezani, akamtazama tena. Mwekundu akamwambia neno moja, "Nimetoka." Mtoto akaijua sauti.

Siku kumi na tisa. Nilisema nitairudia. Siku tano za kwanza aliweka simu karibu na sahani. Haikulia. Siku ya sita akashindwa, akapiga mwenyewe.

"Shemeji, gari vipi?"

"Linakwenda."

"Honi?"

"Inalia."

"Breki je, taa zinawaka?"

"Zinawaka."

"Basi," akasema Mwekundu, na mkewe anasema uso wake ulikuwa wa mtu aliyesukumwa. Alikaa kibarazani hadi chakula kikapoa. Iliuma, wasikilizaji, tusidanganyane. Kuona kwamba dunia inazunguka bila wewe ni jambo linalouma hata kama ni wewe uliyeitengeneza izunguke. Lakini siku ya saba simu aliisahau chumbani. Ya nane, alitembea na mjukuu hadi barabara kuu kuhesabu magari. Siku ya kumi na tisa, alasiri, mtoto amemlalia mapajani, moyo wake ukasimama. Mkewe alimkuta ameegemea ukuta. Mtoto alikuwa bado amelala.

Mama Mikate alipopata habari hakuuliza mara mbili. Alimwambia dereva, "Chukua pikapu." Ile pikapu ambayo kwa miaka thelathini na mmoja haikuweza kukaa siku tatu bila Mwekundu, ikaondoka kwenda kumzika. Safari ya kutwa nzima, mikate nyuma kwa ajili ya wafiwa.

Njiani mvua ikamwagika. Mvua ya kufunga barabara. Na waipa zikasimama.

Dereva akaegesha pembeni. Haoni hata boneti yake. Mazishi ni saa kumi, na yeye ndiye kaka wa mjane. Akafanya kile alichokifanya kwa miaka thelathini na mmoja bila kufikiri. Akatoa simu, akatafuta jina, akapiga.

Simu ya Mwekundu ikalia msibani, kwenye mkoba wa mkewe. Mtoto akasikia mlio anaoujua, akakimbia akiita, "Babu! Babu!" Wanawake wote wakainamisha vichwa. Mkewe akaipokea.

"Shemeji," dereva akasema, "waipa…" Kisha akasikia ni sauti ya dada yake, na akakumbuka anakwenda wapi.

Mvua tu. Dereva anasema alilia hadi akashindwa kushika simu. Mwishowe dada yake akamwambia, "Kaka, angalia chini ya dashibodi. Alisema ameandika kila kitu."

Akainama. Akawasha taa ya simu. Vibandiko vyeupe thelathini na vinane, mwandiko wa rafiki yake, vile alivyokataa kuvisoma. Akatafuta, akakipata. Kilikuwa kimefungwa kwenye waya wa bluu, na kiliandikwa hivi:

WAIPA. BLUU. FYUZI YA NNE. USIMWITE MTU. UNAWEZA.

Fyuzi ya nne ilikuwa imeungua. Ya akiba ilikuwa imebandikwa kwa tepu pembeni yake. Dereva aliyesema kazi yake ni usukani akaitoa ile, akatia hii. Waipa zikaanza kufuta. Alifika saa tisa na nusu, na ni yeye aliyeshika upande wa kichwani wa jeneza.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mjane, kwa binti, kwa mjukuu anayeendelea kuuliza, kwa shemeji na kwa Mama Mikate na watu wake wote wa tanuri, tunawapa pole kutoka mioyoni mwetu. Mungu awape nguvu, naye amlaze mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Kazini kwako, nyumbani kwako, kuna kitu gani umekifunga kwa nyaya nyekundu ili wasiweze bila wewe? Na ni nani amekungoja miaka mingi huko nje, anagonga, anakuita utoke? Usingoje miaka thelathini na mmoja. Wala usingoje hadi zibaki siku kumi na tisa.

Leo asubuhi, kabla sijaingia studio, nilimpigia dereva kuhakiki maneno ya kile kibandiko. Akaniambia nisubiri. Nikasikia mlango wa gari, nikamsikia anainama, akanisomea neno kwa neno. Nikamwambia nilidhani amekikariri. Akasema amekikariri, ila anapenda kukisoma.